Bob Marley na Kidole Kimoja: Matibabu Aliyokataa, Matibabu Aliyokubali, na Bei Aliyolipa

Sura yake unaijua. Imechorwa nyuma ya mathree, iko kwa t-shati za Gikomba, kwa ukuta wa kinyozi na kwa bendera ya ule jirani hukufungulia reggae Jumapili kabla hujaamka. Bob Marley alidedi tarehe 11 Mei 1981, na bado kuna watoi wamezaliwa juzi wanajua ngoma zake kichwani kuliko za wasanii wako hai.

Lakini vile alienda, hapo wasee wengi huchanganya. Ukikaa base yoyote utapewa stori tatu. Ya kwanza ni bangi. Ya pili ni majasusi wa Marekani, ati walimtumia ndula iko na waya ndani ikamdunga. Ya tatu ni boli, ati aliumizwa mguu uwanjani na kidonda kikageuka. Mbili za kwanza hazina ushahidi. Ya tatu iko na nusu ya ukweli, na tutaifikia.

Chenye kilimmaliza ni kansa. Na ndani ya hiyo kansa kulikuwa na maamuzi mawili makubwa. Moja alifanya 1977 akiwa na nguvu zake. Ingine ilifanywa 1980 mwili ukiwa umeanza kuisha. Ukiyaangalia yote mawili utaona swali ambalo siku moja litaingia kwa familia yenu, kama bado halijaingia: haya matibabu yatanipea nini, na yataninyang'anya nini?

Kijana wa Nine Mile

Tuanze mwanzo, chap chap. Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 huko Nine Mile, kijiji cha milimani Jamaica. Mathe yake, Cedella, alikuwa msichana mweusi wa hapo kijijini. Buda yake, Norval Marley, alikuwa mzungu wa Jamaica aliyemzidi Cedella umri mbali sana, na hakukaa kwa maisha ya huyo mtoto. Bob akiwa bado kijana, yeye na mathe wakahamia Kingston, wakatua Trenchtown. Chukua Mathare, weka bahari karibu, utakuwa umepata picha.

Ni huko aliunda kikundi cha Wailers mwaka wa 1963 pamoja na Peter Tosh na Bunny Livingston. Mwaka uliofuata walikuwa na ngoma namba moja Jamaica, lakini chapaa haikufuata. 1966 akamwoa Rita, halafu akaenda Marekani kwa mathe yake kutafuta vibarua. Akarudi, akaingia Urasta mzima mzima, dreads zikaanza kushuka. 1973 kampuni ya Island ikatoa albamu yao ya Catch a Fire, na dunia ikaanza kuskia. Kufika 1976 Bob alikuwa staa mkubwa zaidi Jamaica, na nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi ikiwa imegawanyika vibaya, mtaa huu wa chama hiki, mtaa ule wa chama kile. Hiyo hali huhitaji kuelezwa.

Risasi iliyoachwa mkononi

Usiku wa tarehe 3 Desemba 1976, watu na bunduki waliingia nyumbani kwake, 56 Hope Road, wakamimina risasi. Rita akapigwa kichwani. Meneja Don Taylor akachapwa risasi kadhaa. Bob akaparuzwa kifuani na risasi ikaingia mkononi. Wote walipona, na siku mbili baadaye Bob alikuwa jukwaani mbele ya maelfu ya watu.

Shika hii moja: hiyo risasi ya mkononi haikutolewa. Kuitoa kungeweza kuharibu neva na kumwachia vidole visivyoskia gitaa. Kuiacha hakungemuua. Basi ikaachwa, akaishi nayo. Hiyo ni hesabu safi kabisa ya matibabu: unaweka faida upande huu, madhara upande ule, unaangalia kazi yako na maisha yako, unaamua. Hapo Bob na madaktari walipiga hesabu ikakubali.

Miezi michache baadaye hesabu ngumu zaidi ilikuwa inamngoja, na ilikuwa chini ya ukucha.

Ukucha wa mguu wa kulia

Baada ya kupigwa risasi Bob alihama Jamaica akaishi London. Huko ndiko albamu ya Exodus ilimalizwa, ikatoka Juni 1977. Na popote Bob alienda, boli ilienda pia. Alicheza kila siku angeweza, hotelini, kwa maegesho ya magari, kwa bustani. Mei 1977 wakiwa Paris, walicheza na waandishi wa habari wa Ufaransa, akakanyagwa kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Ukucha ukang'oka.

Yeye akachukulia ni kawaida, akaendelea kupiga shoo. Kidonda kikakataa kupona. Alipokuja kuonwa vizuri, kipande cha nyama ya hapo kikapimwa, na majibu yakarudi: melanoma.

Wacha nieleze hii kitu pole pole, juu iko na maana kwako. Melanoma ni kansa ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Wengi wetu tunajua ni ugonjwa wa wazungu wanaochomwa na jua. Aina nyingi ni hivyo. Lakini kuna aina moja haina maneno na jua. Inamea kwa viganja, kwa nyayo na chini ya kucha, na ndiyo melanoma inayoonekana zaidi kwa watu weusi. Hiyo ndiyo ilimshika Bob. Kwa hivyo boli haikumletea kansa. Kwa maoni ya madaktari wengi, kansa ilikuwa imejificha hapo tayari, na kukanyagwa kukaifanya ionekane.

Ushauri aliopewa ulikuwa mfupi: kidole kikatwe.

Bob akakataa.

Sababu kubwa ilikuwa imani. Kwa Rasta wengi mwili ni hekalu, na hekalu halipunguzwi. Ni imani ile ile inayofanya wembe usiguse kichwa, imetoka kwa nadhiri ya Mnadhiri kwenye kitabu cha Hesabu, Biblia hiyo hiyo iko kwenu sebuleni. Pia kulikuwa na hofu ya kawaida ya mtu wa jukwaa. Kidole kikubwa ndicho kinakushikilia ukiruka, ukigeuka, ukipiga shuti. Ukimwona Bob kwa video za zamani utaelewa mwili wake ulikuwa ni nusu ya shoo.

Wakatafuta njia ya katikati. Huko Miami akafanyiwa upasuaji mdogo zaidi: ukucha na nyama ya chini yake vikaondolewa, ngozi ikachukuliwa pajani ikapandikizwa hapo. Shoo za Marekani za mwaka huo zikafutwa apone. Akapona, kidonda kikafunga, akarudi kazini. Na kwa vile hakukuwa na maumivu, habari ya kurudi kupimwa mara kwa mara ikapotelea kwa safari na studio.

Hapa usikimbilie kumwita mjinga. Hata leo kuna madaktari wanaojaribu kuokoa kidole kama uvimbe bado hauko ndani sana. Na hakuna anayeweza kuapa kwamba kukata kidole kungemwokoa, juu melanoma ya chini ya ukucha hugunduliwa ikiwa imechelewa na inaweza kuwa imetuma seli mbali kitambo. Lakini 1977 ndio ulikuwa wakati ambapo bei ilikuwa ndogo zaidi na kile angenunua kilikuwa kikubwa zaidi. Kidole kimoja, upande huu. Upande ule, nafasi ya kuzeeka.

Miaka mitatu ya moto

Na sasa angalia chenye alifanya na muda aliopata. Tarehe 22 Aprili 1978 alirudi Kingston kwa tamasha la amani, akawaita jukwaani Michael Manley na Edward Seaga, mahasimu wa siasa ambao mitaa yao ilikuwa inauana, akawashikisha mikono juu ya kichwa chake. Mwaka huo huo akakanyaga Ethiopia, nchi ya ndoto yake. 1979 akatoa Survival, albamu ya Afrika mwanzo hadi mwisho. Januari 1980 alipiga shoo Gabon. Aprili akaenda Zimbabwe usiku bendera ya Uingereza inashuka, uwanja wa Rufaro, akiwa amelipia mitambo yake mwenyewe. Watu waliofungiwa nje wakasukuma, polisi wakarusha vitoa machozi, moshi ukaingia hadi jukwaani, na akarudi kupiga tena kesho yake kwa ajili ya wale walikosa. Juni, Milan, uwanja wa San Siro, watu kama 100,000.

Kuna mtu atakuambia: unaona? Alifanya poa kukataa, aliishi akicheza, akifunga mabao, mwili mzima. Hiyo hoja iko na uzito na siwezi kuitupa. Ubora wa maisha ni kitu halisi. Lakini hizo siku zote angeweza kuziishi na vidole tisa, na labda baada yake kungekuwa na 1985, na 1995. Kukatwa kidole ni madhara unayoyazoea. Kuna wasee wanakimbia, wanadensi, wanacheza ligi bila kidole.

Asubuhi ya Central Park

Septemba 1980 Bob alikuwa New York, Madison Square Garden, usiku wa tarehe 19 na 20. Alikuwa amechoka kuliko kawaida. Asubuhi ya tarehe 21 akatoka kukimbia Central Park na rafiki yake mwanasoka Alan Cole. Katikati ya mbio mwili ukagoma, shingo ikakaza, akaanguka.

Vipimo vikaonyesha kile mtu hataki kuskia. Kansa ilikuwa imefika kwa ubongo, mapafu na maini. Ile ya kidole ilikuwa imesafiri kimya kimya miaka mitatu.

Tarehe 23 Septemba, akijua haya yote, alipanda jukwaani Pittsburgh. Akapiga seti nzima. Rita alikuwa anataka ziara isimamishwe, na baada ya usiku huo ikasimamishwa. Hakuwahi kupiga shoo ingine.

Kutoka hapo ni hospitali. Kule Sloan-Kettering, New York, akachomwa na mionzi. Dawa za kansa zikafuata. Hapa ndipo unafaa kujua hizi tiba zinafanya nini kwa mwili. Kemo inapiga seli zinazogawanyika haraka. Seli za kansa hugawanyika haraka, lakini hata seli za mizizi ya nywele ni hivyo, za mdomo na utumbo ni hivyo, za uboho unaotengeneza damu ni hivyo. Kwa hivyo nywele zinatoka, mdomo unachubuka, chakula hakikai, damu inashuka, na homa ndogo inaweza kukuangusha. Mionzi ya kichwa nayo inaleta uchovu ambao usingizi hauondoi, kichefuchefu, na nywele kuisha mahali imepita.

Kwa msee wa kawaida nywele ni nywele. Kwa Bob dreads zilikuwa nadhiri ya maisha yake. Mtu alikataa kutoa kidole ili mwili ubaki mzima, na sasa zile dreads zenyewe zikaisha kichwani mwake. Hiyo ndiyo sehemu ya hii stori inauma zaidi.

Na enzi hizo dawa zilizokuwepo za melanoma iliyosambaa zilikuwa dhaifu. Ni wagonjwa wachache uvimbe wao ulipungua, na wachache zaidi walipona. Bei ilikuwa kubwa, mzigo wa kununua ulikuwa mdogo.

Mwezi wa Novemba akabatizwa kwa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia. Mwezi huo huo akaelekea Ujerumani.

Baridi ya Bavaria

Kulikuwa na daktari Mjerumani, Josef Issels, mwenye kliniki Rottach-Egern, kamji kadogo kando ya ziwa chini ya milima ya Alps. Alikuwa anapokea watu waliokuwa wameambiwa hospitali zingine hakuna la kufanya. Tiba zake zilikuwa za aina yake: kupandisha joto la mwili, lishe kali, sindano, kubadilishiwa damu. Madaktari wengi wa kansa hawakuzikubali, juu hazikuwa zimethibitishwa. Lakini ukiwa umeshikwa na maji, utashika hata unyasi. Familia ngapi hapa kwetu zimefanya hivyo, na dawa za mitishamba za Instagram, na maji ya pastor, na tiketi ya India iliyonunuliwa kwa shamba la babu?

Fikiria hiyo picha. Mtoto wa jua, wa bahari, wa boli ya saa kumi jioni, amefungwa kwa kliniki ya mbali katikati ya theluji, amekonda, anatembea kwa shida. Mathe yake alisafiri akakaa naye. Baadaye alisimulia kwa kitabu chake vile alimwona mwanawe akiteseka huko, njaa na maumivu, na mama hawezi kufanya kitu. Tarehe 6 Februari 1981 Bob alifikisha miaka 36 akiwa huko huko.

Tuwe wa haki hapa pia. Wanaomtetea Issels husema Bob aliishi miezi mingi kuliko vile alikuwa ametabiriwa New York. Inawezekana. Lakini uliza swali la pili ambalo watu huogopa kuuliza: hiyo miezi ilikuwa ya nini? Karibu nusu mwaka mbali na Jamaica, mbali na watoto wake wengi, mbali na muziki, kwa matibabu yaliyouma. Mtu anaweza kukubali hiyo bei, ni haki yake kabisa. Ila anafaa kuijua kabla ya kuikubali.

Mwanzo wa Mei 1981 Issels alikubali hakuna zaidi. Bob alitaka kurudi nyumbani kufia Jamaica. Mwili ukakataa safari yote. Ndege ikatua Miami, akalazwa, na tarehe 11 Mei akaenda, familia ikiwa karibu. Hakufika Jamaica akiwa hai. Serikali ilikuwa imempa nishani ya Order of Merit mwezi uliotangulia, akapokelewa na mwanawe Ziggy. Tarehe 21 Mei akafanyiwa mazishi ya kitaifa, na akazikwa Nine Mile, kilima alikozaliwa.

Kitu kingine: hakuandika wosia. Kuongea juu ya kifo hakukuwa kwa mipango. Kesi za mali yake zikavutana karibu miaka 10, familia, bendi na mawakili. Hiyo pia ni bei ya kutoongea.

Hesabu iligeuzwa

Sasa rudi nyuma uangalie yote pamoja. 1977 kansa ilikuwa inajulikana kwa kidole tu, matibabu yalikuwa yanachukua kitu kidogo na kuweza kutoa kitu kikubwa. Akayakataa. 1980 kansa ilikuwa kila mahali, matibabu ya wakati huo yalikuwa yanachukua karibu kila kitu na kutoa kidogo. Akayakubali. Na sisi wengi tuko hivyo hivyo. Kansa ikiwa changa tunaogopa kisu, tunangoja, tunaombea. Ikishafika mwisho tunauza ng'ombe, tunauza ploti, tunapitisha harambee kwa WhatsApp, tunasema lazima tupigane. Nguvu tunaiweka mahali haisaidii sana.

Lakini usitoke hapa ukisema kansa ikisambaa usitibiwe. La hasha. Dunia imebadilika. Tangu 2011 melanoma imepata dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na kansa yenyewe. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alipatikana na melanoma kwa maini na ubongo mwaka wa 2015 akiwa na miaka 90. Akatibiwa kwa upasuaji, mionzi na mojawapo ya hizo dawa, akaishi hadi Desemba 2024, miaka 100. Kwa hivyo jibu halitoki kwa neno "kusambaa" peke yake. Linatoka kwa aina ya kansa, dawa zilizopo, nguvu za mgonjwa, mfuko wa familia, na kile yeye mwenyewe anataka siku zake ziwe.

Angalia Carter vizuri pia. Februari 2023, akiwa na matatizo mengine ya uzee, aliamua kuacha kuzunguka hospitali, akakaa nyumbani apewe huduma ya kutuliza tu. Huyo huyo aliyekubali matibabu makali 2015 akayakataa 2023. Hakuna kujipinga hapo. Hesabu ilikuwa imebadilika.

Kutuliza haimaanishi kukata tamaa

Hii huduma kwa Kiswahili cha hospitali inaitwa tiba shufaa. Kazi yake ni kuondoa maumivu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hofu, na kusaidia familia iongee. Inaweza kupewa pamoja na kemo, tangu siku ya kwanza. Watu hudhani ukipelekwa huko umetupwa. Kuna utafiti ulitolewa 2010 kutoka hospitali kuu ya Massachusetts, Boston, kwa wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipewa tiba shufaa mapema pamoja na matibabu ya kawaida. Hao hawakuwa na huzuni nyingi kama wenzao, wachache wao walipewa matibabu makali siku za mwisho, na bado ndio waliishi zaidi: miezi 11.6 kwa 8.9.

Hapa Kenya hii kitu iko. Nairobi Hospice ilianza 1990, hapo karibu na KNH, na zingine ziko Nyeri, Meru, Eldoret, Mombasa na kwingine. Wanajua kutumia morfini ya kunywa bila kukufanya teja. Hakuna mgonjwa wa kansa anafaa kulia usiku mzima kwa maumivu ndio ionekane anapigana.

Maswali ya kubeba kwa daktari

Kama ni mathe, ni buda, ni shosho ama ni wewe, usiende kwa daktari mikono mitupu. Andika haya kwa simu:

1. Lengo la hii tiba ni kuponya, kuongeza muda, ama kupunguza maumivu? Hizo ni vitu tatu tofauti.
2. Kwa watu kama mimi, inasaidia wangapi, na inaongeza muda kiasi gani?
3. Nitajiskia aje wiki ya kwanza, na baada ya miezi mitatu? Nitaweza kutembea, kula, kufanya kazi?
4. Nikijaribu halafu nishindwe, naweza kuacha? Jibu ni ndiyo, lakini liskie kwa mdomo wa daktari.
5. Nisipoichukua, nitatunzwa aje?

Halafu muulize mgonjwa mwenyewe swali moja ambalo daktari hawezi kumjibia: ni nini hutaki kupoteza? Mmoja atasema anataka kufika harusi ya binti yake, hata akifika ametapika njia yote. Mwingine atasema anataka kukaa chini ya mwembe wake akiwa na akili timamu. Wote wako sawa. Chenye si sawa ni familia kuamua kwa sebule, mgonjwa akiwa kwa chumba cha pili anaskia sauti.

Na kabla ufike huko, fanya kile Bob hakupata kuambiwa mapema. Leo ukivua viatu, angalia nyayo na kucha zako. Mstari mweusi ama wa kahawia chini ya ukucha unaopanuka, rangi inayovuka ukucha kuingia kwa ngozi, doa jipya kwa unyayo, ama kidonda cha kidole ambacho wiki zinapita na kinakataa kufunga, peleka hosi. Mara nyingi itakuwa ni kugongwa tu ama ni alama ya kawaida ya ngozi nyeusi. Lakini pale ambapo si kawaida, ikishikwa mapema bado bei iko chini.